Single malt na Coca: nani ana haki, mjomba au shemeji?

Ndugu mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi, ameniandikia swali refu, nalifupisha. Kwenye kikao cha mahari ya dada yake, shemeji aliyetoka Brussels alileta chupa mbili za wiski ya single malt: Glenfiddich ya miaka 12 na Laphroaig ya miaka 10. Mjomba, ambaye ndiye aliyeongoza kikao, akafungua Glenfiddich, akamimina nusu kilauri, akajazia Coca mpaka juu. Shemeji akashindwa kuvumilia. Akasema mbele ya wageni kwamba single malt haichanganywi na kitu chochote, na kwamba huko ni kutupa mali. Mjomba akajibu kwamba kitu kikishatolewa ni cha aliyepewa. Laphroaig nayo ilizungushwa, kila mtu akaonja, ikarudishwa mezani kwa sababu inanuka, kwa maneno ya ndugu yetu, "kama koridoo ya hospitali". Anauliza nani ana haki. Kama kuchanganya kunafaa, ni na nini, na kwa kipimo gani? Na kilichobaki kwenye chupa kitakaa muda gani?

Ndugu yangu, kuchanganya kunafaa. Shemeji yako amesema jambo la kweli na jambo lisilo la kweli kwa pumzi moja. La kweli ni kwamba ile Glenfiddich, ikizamishwa kwenye Coca, imepoteza karibu kila kitu kilichoifanya iuzwe ghali. Lisilo la kweli ni kwamba haichanganywi na kitu chochote. Mimi ninayekujibu nimefanya kazi nyuma ya kaunta za mji huu kwa miaka mingi, na kitu ninachowafundisha vijana kabla ya yote ni hiki: usiulize kama inaruhusiwa, uliza chupa hii ina nini ndani, halafu utafute kitu ambacho hakitakizima.

Basi tuitazame chupa. Sheria ya wiski ya Scotland ya mwaka 2009 inasema single malt itengenezwe kwa kimea cha shayiri peke yake, maji na hamira, ndani ya kiwanda kimoja, inerekwe kwenye vyungu, kisha ilale Scotland kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 kwa muda usiopungua miaka 3. Ikitiwa chupani isiwe chini ya asilimia 40 ya kileo. Ile 12 iliyoandikwa kwenye Glenfiddich ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Nyingine ndani yake zinaweza kuwa na umri zaidi. Mtengenezaji haruhusiwi kuongeza sukari wala harufu ya kununua. Anaruhusiwa maji na karameli ya kukoleza rangi, basi.

Angalia hapo: maji. Pombe inapotoka kwenye mtambo na kuingizwa pipani, kwa kawaida huwa na asilimia 63.5 hivi. Ikikaa miaka yake hutolewa, na mwenye kiwanda huongeza maji mpaka ishuke hadi 40 au 43 au 46. Kwa hiyo chupa iliyokuja kwenu ilikuwa imekwisha kuchanganywa kabla haijapakiwa kwenye ndege, na aliyeichanganya ni yule yule aliyeitengeneza. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya wiski ya kimea inayotoka Scotland haiuzwi kama single malt. Inaingia ndani ya wiski za mchanganyiko, zile Johnnie Walker na Chivas tunazozijua sote, pamoja na wiski ya nafaka nyingine. Glenfiddich yenyewe ilianza kupelekwa nje kama single malt kwa bidii mwaka 1963. Kabla ya hapo mnywaji wa mbali karibu hakuwa na nafasi ya kuionja peke yake. Anayesema hii ni desturi takatifu ya wazee wa Scotland anaipa umri ambao haina.

Lakini sitaki mjomba ashangilie mapema. Sababu ya kuiheshimu single malt ipo, nayo iko puani. Glenfiddich ya miaka 12 imelala kwenye mapipa ya mwaloni yaliyokuwa na wiski ya bourbon ya Marekani na mengine yaliyokuwa na divai ya sherry ya Hispania. Ukiinusa bila haraka utapata pea iliyoiva, asali kidogo, vanila, na kwa nyuma harufu ya mbao. Hizo ni harufu nyepesi. Coca ya sentilita 33 ina sukari gramu 35, ina asidi, ina viungo vyake vyenyewe, na iko baridi. Pea haina nguvu ya kusikika mbele ya umati huo. Mimina Glenfiddich kwenye Coca kwa kipimo cha mjomba, mimina na wiski ya bei rahisi kwenye Coca nyingine kwa kipimo hicho hicho, weka vilauri viwili mbele ya mnywaji mzoefu aliyefumba macho: sijakutana na anayevitofautisha kwa uhakika. Hapo ndipo shemeji alipoumia, na maumivu yake yana msingi.

Sasa kitu cha kwanza cha kuchanganya, na kwa Glenfiddich yako ndicho bora: maji. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus huko Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walitumia kompyuta kuangalia kinachotokea kwa guaiacol, mojawapo ya vitu vinavyoipa wiski harufu ya moshi. Waliona kwamba kileo kikiwa kingi, kama asilimia 59 na kuendelea, guaiacol huzungukwa na kileo na kubaki chini ndani ya kinywaji. Kileo kikishuka chini ya 45, hupanda na kukaa juu usoni, mahali ambapo pua yako inaweza kuifikia. Wanywaji wa Scotland walikuwa wakitia matone ya maji siku zote. Utafiti huo umeonyesha sababu mojawapo.

Fanya hivi. Tafuta kilauri kinachobanana mdomoni, kile cha divai kidogo kinatosha. Mimina sentilita 4. Nusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo, usiingize pua yote ndani maana kileo kitaikausha. Onja kidogo. Kisha chukua kijiko cha chai, kijaze maji ya chupa yasiyo na gesi na yasiyo na baridi, mimina, zungusha kilauri taratibu, subiri kidogo, nusa tena. Kijiko hicho kimoja ni mililita 5, na kimeshusha kinywaji kutoka asilimia 40 hadi karibu 36. Utaona ule mwasho wa puani umerudi nyuma na tunda limekuja mbele. Kijiko cha pili kitakufikisha 32. Wengi wa hapa kwetu wanaodai hawapendi wiski tupu huishia kwenye kijiko cha pili wakiwa wameridhika, wala hawakumbuki tena Coca. Baada ya cha tatu ladha huanza kulegea.

Maji yenyewe yawe gani? Si ya bomba. Maji ya REGIDESO yana klorini, na klorini ikikutana na wiski unaisikia mara moja. Kama huna ya chupa, chemsha ya bomba, yaache yapoe bila kifuniko, klorini itakuwa imeondoka. Epuka pia maji ya gesi yenye chumvi nyingi. Zipo chapa za Ulaya zinazouzwa mjini ambazo ni nzuri kwa tumbo na mbaya kwa wiski.

Hapa niseme jambo moja ambalo limewahi kuleta ugomvi dukani. Kuna single malt zinazotiwa chupani kwa asilimia 46 au zaidi bila kuchujwa zikiwa baridi. Ukiongeza maji au barafu ndani yake, hugeuka kuwa na ukungu, kama vile umetia tone la maziwa. Mtu anaona, anasema amepewa bandia. Si bandia. Ni mafuta ya asili ya kimea yanayojikusanya kileo kinapopungua au baridi inapoingia. Kuchuja kwa baridi huyaondoa ili kinywaji kibaki kinang'aa, na huondoa uzito kidogo mdomoni pia. Bandia zipo, lakini zitambue kwa kizibo kilicholegea, utepe uliokatwa na kubandikwa upya, lebo yenye maandishi yaliyokosewa, na bei isiyo ya kawaida.

Barafu. Baridi hufunga harufu, hilo halina mjadala, ndiyo maana kinywaji kibaya huuzwa kikiwa baridi sana. Kwa single malt unayotaka kuijua, acha barafu. Lakini Oktoba ya Lubumbashi, joto limepita digrii 30, mvua bado haijaja, na wewe umekaa chini ya bati la terasi, sitakuambia unywe wiski ya vuguvugu kwa ajili ya heshima ya Scotland. Weka barafu, ila barafu safi. Vipande vikubwa huyeyuka polepole kuliko vidogo. Na angalia ilikotoka: barafu hunyonya harufu ya friji. Iliyolala pamoja na samaki wa Kasenga itanuka samaki wa Kasenga, na umeme ukikatika ikayeyuka na kuganda tena, inanuka zaidi. Igandishe kwenye chombo chenye kifuniko, kwa maji uliyochemsha.

Kama ni kinywaji kirefu cha jioni ya joto unachotaka, kitu cha kuongeza ni maji ya gesi matupu. Kipimo changu kwa Glenfiddich ni sehemu moja ya wiski kwa sehemu mbili za maji ya gesi. Kwa wiski ya mchanganyiko ni moja kwa tatu. Wajapani ndio waliolishughulikia jambo hili kwa umakini kuliko watu wote, na wanachokazania ni baridi: kilauri kiwe baridi, maji ya gesi yawe baridi, barafu ijae mpaka mdomoni. Unamimina wiski kwanza, unazungusha ipoe, halafu unateremsha maji ya gesi taratibu pembeni ya barafu ili povu lisife, unainua barafu mara moja kwa kijiko, unaacha. Ukikoroga kama chai umeua gesi, na gesi ndiyo inayobeba harufu ya pea hadi puani. Kipande cha ganda la ndimu juu, ukipenda. Kama hakuna umeme na hakuna barafu, maji ya gesi baridi peke yake yanatosha.

Juisi ya tofaa inakubaliana na Glenfiddich, hata ile ya boksi inayopita Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini, mradi isiwe ile iliyoongezwa sukari. Tofaa na pea ni ndugu, haishangazi. Sehemu moja kwa mbili, barafu, basi. Marakuja hapana, ukali wake unameza kila kitu. Embe ni zito mno. Nanasi linafaa kwa wiski ya mchanganyiko, si kwa hii. Fanta, Vital'O na sukre nyingine za rangi ziwe mbali kabisa na single malt, na hapo sina huruma: hazina nafasi ya kukutana popote.

Tuje kwenye chupa iliyokataliwa, maana ndiyo inayonivutia zaidi.

Pua zenu hazikudanganya. Laphroaig inatoka kisiwa cha Islay, magharibi mwa Scotland, ambako hawakuwa na kuni za kutosha. Walichimba udongo mweusi wa vinamasi, majani na nyasi za maelfu ya miaka zilizooza zikashindiliwa, wakaukausha na kuuwasha. Shayiri iliyooteshwa hukaushwa juu ya moshi huo, na moshi huacha ndani ya nafaka vitu vya jamii ya fenoli: guaiacol niliyoitaja, na kresoli. Kresoli ndiyo iliyomo ndani ya krezil, ile dawa tunayomwaga vyooni na hospitalini. Guaiacol nayo ndiyo inayompa samaki wa moshi wa sokoni harufu yake. Aliyesema hospitali ana haki, na kama katika kikao kile kuna aliyesema samaki wa kukausha, naye ana haki.

Harufu hiyo ina nguvu. Na kwa kuwa ina nguvu, Laphroaig inaweza kuchanganywa na vitu ambavyo vingeiua Glenfiddich. Watu wengi huligeuza jambo hili: wanadhani chupa yenye jina kubwa la moshi ndiyo isiyoguswa, na ile laini ndiyo ya kuchezea. Ni kinyume chake. Mabaa ya Ulaya wana kinywaji wanachokiita Smokey Cokey, nacho ni Lagavulin, jirani wa Laphroaig kisiwani, pamoja na Coca. Sukari inazunguka moshi, moshi unabaki unasikika, na kinachotoka ni kitu cha tatu. Kwa hiyo mjomba angefungua chupa ya pili badala ya ya kwanza, akatia sentilita 4 za Laphroaig, sentilita 10 za Coca baridi na kipande cha ndimu, shemeji angekuwa na la kujifunza. Nampenda mjomba wako kwa sababu hiyo. Alikuwa na wazo, akakosa chupa.

Lakini kuna njia nzuri zaidi, na inapita kwenye kitu ambacho mji huu unakijua kuliko Brussels: tangawisi, kinywaji chetu cha tangawizi. Mwaka 2005 mhudumu wa baa aitwaye Sam Ross, Mwaustralia, alikuwa kazini New York kwenye baa iliyoitwa Milk & Honey. Alichukua wiski ya mchanganyiko, ndimu, asali na tangawizi, akavitikisa pamoja, kisha akamwaga juu yake wiski kidogo ya moshi ya Islay, ielee. Akakiita Penicillin. Leo kinatengenezwa karibu kila mji wenye baa nzuri. Hebu kiangalie: tangawizi, ndimu, asali. Vitu hivyo tunavyo tangu zamani, na tunavyo vizuri kuliko wao.

Asali ndiyo siri yake hapa kwetu. Tafuta ile nyeusi ya msitu wa miombo, inayouzwa kwenye chupa za plastiki kandokando ya barabara ya Likasi. Wanaoivuna kwa njia ya zamani hufukuza nyuki kwa moshi, na moshi hubaki ndani ya asali. Ukiinusa utaukuta. Asali ya dukani, ya njano na nyembamba, hutoa utamu peke yake. Hii ya msitu inashikana na Laphroaig kabla hujafanya lolote.

Kwangua tangawizi mbichi kwenye kikwaruzo, weka ndani ya kitambaa safi, kamua. Usichemshe, tangawizi iliyochemshwa inakuwa laini na hapa tunataka iume. Chukua vijiko vitatu vya chakula vya asali, lainisha kwa kijiko kimoja cha chakula cha maji moto, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha ule mkamuo. Hicho ni cha vinywaji vitatu, na kidogo kitabaki. Kwa kilauri kimoja: sentilita 5 za wiski ya mchanganyiko, sentilita 2 za ndimu iliyokamuliwa wakati huo huo, sentilita 2 za ile asali. Kama huna chombo cha baa, tumia chupa ya mayonezi iliyooshwa vizuri mpaka haina harufu, tia barafu, funga, tikisa mpaka mkono uumwe na baridi. Chuja ndani ya kilauri chenye barafu mpya. Kisha geuza kijiko cha chai juu ya kinywaji, mgongo juu, na mimina Laphroaig mililita 5 juu ya mgongo wa kijiko ili itandazike bila kuzama. Usikoroge. Anayekunywa ataanza na moshi puani, halafu ndimu, halafu asali, halafu tangawizi kooni. Mililita 5! Chupa iliyokataliwa kwenye kikao itatosha vinywaji 100 na zaidi kwa njia hii.

Ukitumia tangawisi iliyotengenezwa tayari, ile ya mama wa mtaani, ionje kwanza. Mara nyingi imekwisha kutiwa sukari na ndimu na nanasi, basi acha asali, punguza ndimu. Inafaa pia kwa njia rahisi: Laphroaig sehemu moja, tangawisi baridi sehemu tatu.

Juni na Julai, baridi ya Katanga inaposhuka chini ya digrii 10 usiku na watu wanatoa makoti, kinywaji kinageuka kuwa cha moto. Chemsha mchaichai, mimina ndani ya kikombe, subiri dakika mbili tatu, tia kijiko cha asali ya msitu, ndimu kidogo, kisha sentilita 4 za wiski mwishoni. Usitie wiski kwenye maji yanayochemka. Kileo kitapanda puani na harufu nzuri zitaondoka na mvuke. Glenfiddich inaweza kuingia hapa bila aibu. Na kinywaji hiki si dawa ya mafua, wala ya malaria. Mwenye homa aende apimwe. Aliye kwenye metronidazoli asiguse kileo kabisa, aulize kwenye famasia siku ngapi za kusubiri.

Bia? Ndani ya wiski, hapana. Kando yake, ndiyo, na desturi hiyo ni ya Scotland yenyewe: kilauri kidogo cha wiski na nusu ya bia, unaonja huku, unaonja kule. Bia yetu ya Tembo, kwa rangi yake na ule utamu wa kimea kilichokaangwa, inakaa vizuri kando ya single malt iliyolala kwenye pipa la sherry. Bia ya Simba ni nyepesi na chungu kidogo. Hiyo ipeleke kando ya Glenfiddich. Vinywaji vyote viwili vimetoka kwenye kimea, ndiyo maana havigombani. Ila hesabu kileo cha vyote viwili.

Viwili nakukataza kwa moyo wote. Cha kwanza ni vile vinywaji vya nguvu vya kopo ambavyo vijana huvitia kwenye wiski ili wakeshe. Kafeini haipunguzi kileo kilicho damuni. Inaficha usingizi tu, mtu anajiona mzima, anapanda pikipiki. Cha pili ni lutuku, pombe kali ya kienyeji. Kuna watu huongeza lutuku ndani ya chupa ya wiski iliyopungua ili ionekane imejaa. Hakuna ajuaye kilichomo ndani ya lutuku ya leo, na methanoli, kileo cha sumu, haina rangi wala ladha ya kukuonya; inapofusha, inaua. Ukiona chupa iliyofunguliwa imeongezeka badala ya kupungua, imwage.

Niseme pia juu ya utamu wa vinywaji hivi. Sentilita 4 za wiski ya asilimia 40 ni mililita 16 za kileo kitupu, uzinywe tupu au ndani ya lita moja ya tangawisi. Kuchanganya hakupunguzi kileo, kunapunguza onyo lake. Kilauri cha mjomba, kikiwa nusu, kilikuwa na sentilita 10 hivi, yaani vipimo viwili na nusu, na kilishuka kama maji kwa sababu ya Coca. Pima. Kama huna kipimo cha baa, vijiko viwili vya chakula na viwili vya chai ni sentilita 4.

Na sasa kikao, maana najua kwamba nyuma ya swali la wiski kuna swali la jamaa. Kwenye mahari, kinywaji kinatolewa kwa ajili ya watu, na mkubwa hasahihishwi mbele ya wageni kwa sababu ya kilauri. Shemeji angefanya vema kukaa karibu na mjomba kabla chupa haijafunguliwa, amweleze imetoka wapi, ammiminie yeye wa kwanza kwa mikono miwili pamoja na maji kandoni. Mzee akielezwa kwa heshima kwamba hii ni ya kuonja polepole, ni nadra ataomba Coca. Na wewe mwenye nyumba, siku nyingine, weka mezani chupa mbili za wiski ya mchanganyiko kwa ajili ya Coca, tangawisi na maji ya gesi. Wanaotaka kunywa wakicheka na kucheza watakwenda huko, na hawajapoteza chochote. Single malt iwe kwenye meza ndogo, na jagi la maji, kijiko, na vilauri vidogo. Mtu achague mwenyewe. Kama baada ya yote hayo mjomba bado anataka Coca ndani ya Glenfiddich, mpe. Ni yake.

Kuhusu zilizobaki. Wiski haiozi kama divai, lakini hewa iliyo ndani ya chupa huifanya ichoke. Ikiwa imebaki zaidi ya nusu, una mwaka mzima bila wasiwasi. Ikifika robo, maliza ndani ya miezi miwili mitatu, au ihamishie kwenye chupa ndogo ya kioo iliyo safi na kavu ili hewa isipate nafasi. Isimamishe wima, tofauti na divai, wiski ikilala inakula kizibo. Iweke kabatini, mbali na jua la dirishani, si juu ya friji ambako kuna joto la mashine. Kwa maelezo yako Glenfiddich imebaki chini ya nusu, basi anza nayo wewe na mjomba, kwa kile kijiko cha maji. Laphroaig karibu imejaa, itasubiri asali.